Iodini ya Duka la Dawa: Majaribio na Hatari Zake

Huenda mwanao aliye shule ya upili amekujia akitaka iodini ya kufanyia majaribio ya sayansi nyumbani. Usimkaripie, lakini pia usimpe pesa akatafute fuwele za iodini. Fuwele hizo nyeusi zikipata joto hutoa mvuke wa zambarau unaowasha macho na kuumiza mapafu. Hizo ni za maabara, si za jikoni.

Anachohitaji kipo katika duka la dawa: ile dawa ya hudhurungi ya kupaka vidonda. Iko ya aina mbili. Tinkcha ya iodini huyeyushwa katika spiriti, na kwa hivyo hushika moto upesi. Povidoni-iodini huwa katika maji. Nunua hii ya pili, ila si ile yenye sabuni ya kunawia.

Tia kijiko kimoja cha chai katika vijiko kumi vya maji, kisha dondosha tone moja moja juu ya kipande cha kiazi, mkate au ugali uliopoa. (Ugali moto hautabadilika ipasavyo, kwani joto huifukuza rangi.) Penye wanga patageuka buluu iliyoiva, karibu nyeusi. Sukari haibadiliki. Jaribu pia ndizi mbichi na iliyoiva sana, nawe utaona mbichi ikiwa nyeusi zaidi, kwa sababu ndizi inapoiva wanga wake hugeuka sukari. Kisha kamulia ndimu katika yale maji ya hudhurungi. Rangi itatoweka, maana vitamini C huibadilisha iodini.

Chakula kilichotiwa dawa hiyo kitupwe, asile mtu wala kuku.

Sasa nifikie jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Wako watu wanaosikia kwamba mwenye rovu amekosa iodini, wakaanza kunywa dawa ya vidonda matone machache kila siku. Hebu tupige hesabu. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mama mjamzito 250. Mililita moja tu ya povidoni-iodini ya asilimia 10 ina iodini ipatayo miligramu 10, yaani maikrogramu 10,000. Hiyo ni zaidi ya mahitaji ya siku 60 kwa mkupuo mmoja! Iodini ikizidi, tezi la shingo huweza kuvurugika, ama likalegea au likafanya kazi kupita kiasi. Tena si kila rovu limetokana na ukosefu wa iodini. Mwenye uvimbe shingoni amwone daktari.

Iodini ya kula imo katika chumvi ya dukani, ambayo hutiwa iodeti ya potasiamu. Usijaribu kuipima kwa dawa ya vidonda, kwani rangi ile ya buluu huonyesha wanga, si iodini iliyo katika chumvi. Soma maandishi ya pakiti, uifunike isipate unyevu, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Chupa ya dawa iwekwe juu, mbali na watoto. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Doa likibaki kidoleni, lisugue kwa ndimu.