Jina la mmea ni mwanzo wa ulinzi wake
(Somo la biolojia)



Tukipita porini tunasema tu: «Hii ni majani.» Lakini ni majani gani? Leo tujifunze namna mmea mupya unavyopewa jina.

1. Kuona. Wazee wa kijiji wanaweza kujua muti toka zamani na kuuita kwa luga yao. Wenye elimu ya mimea wakisema «mupya», maana yake haujaandikwa bado katika vitabu vyao.

2. Kukusanya. Tunakata tawi lenye majani na maua ao matunda, tunalikandamiza kati ya magazeti mpaka likauke. Tunaandika pahali, tarehe, urefu wa muti na rangi ya maua, kwani rangi inapotea.

3. Kulinganisha. Hapa ndipo kazi ngumu. Tawi linapelekwa katika erbarium, ndiyo nyumba ya kutunza mimea mikavu, na kulinganishwa na ndugu zake wote wanaojulikana.

4. Kuandika. Jina lina maneno mawili, kwa desturi ya Linnaeus toka 1753: la kwanza la ukoo, la pili lake mwenyewe. Tawi moja linatunzwa kuwa shahidi wa jina hilo. Zamani maelezo yalipaswa kuwa kwa Kilatini. Toka 2012 Kiingereza pia kinakubaliwa.

Mfano. Katika msitu wa Ebo, inchi ya Kameruni, kuna muti mdogo wa jamii ya mtomoko, urefu karibu metre 4. Maua yake ya rangi ya manjano na kijani yanatoka kwenye shina lenyewe, sawa vile ya kakao. Mwaka 2020 serikali ilitaka kufungua msitu huo kwa wakata-miti. Wenyeji na wenye elimu walipinga, naye Leonardo DiCaprio, mcheza sinema wa Marekani, aliwaunga mkono. Mwezi wa 8 mpango ulifutwa. Mwaka 2022 wataalamu wa Kew (Uingereza) pamoja na wa erbarium ya taifa ya Kameruni waliutangaza muti huo: Uvariopsis dicaprio. Miti iliyoonekana haikufika hata 50, basi wakauhesabu kati ya ile iliyo karibu sana kupotea.

Mbele ya hapo, nani angeuhesabu? Kitu kisicho na jina kinakufa pasipo kuliliwa. Hata vile, jina peke yake si ukuta: mwaka 2023 mpango wa kukata miti ulirudi katika sehemu ya Ebo. Jina linatupa neno la kusema. Kusema ni kazi yetu.

Maulizo:
a) Sababu gani tunaandika rangi ya ua siku ileile?
b) Tawi-shahidi lina faida gani?
c) Uliza mzee wa kwenu jina la muti mmoja ambao wewe unauita «majani» tu. Uandike jina, pahali na kazi yake, uulete kilasini.