Maskini apimwe mkojo ndipo apewe posho?

Hebu jiweke mahali pa mama mwenye watoto wawili, hana kazi, na nyumbani unga umekwisha. Anakwenda ofisi ya serikali kuomba msaada uliowekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Karani anamwambia: kwanza nenda ukapimwe mkojo, tuone kama hutumii madawa ya kulevya, na gharama ya kipimo utoe mfukoni mwako. Je, huo ni uadilifu?

Hili si jambo la kubuni. Lilitokea katika jimbo la Florida, Marekani, mwaka 2011. Lina mafunzo makubwa kwa kila anayeshika mali ya umma na kwa kila anayegawa zaka na sadaka.

Chimbuko lake

Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyobadilisha mfumo wa kusaidia familia maskini nchini Marekani. Sheria ile iliruhusu majimbo kuwapima madawa ya kulevya wanaopokea posho. Michigan ndiyo iliyotangulia kupima waombaji wote, mwaka 1999, na mahakama ikausimamisha mpango huo baada ya muda mfupi.

Kisha akaja Gavana Rick Scott wa Florida. Sheria yake ilianza kazi Julai 1, 2011. Kila mzazi aliyeomba posho ya fedha taslimu alitakiwa apimwe, awe anashukiwa au hashukiwi. Mwombaji alilipia mwenyewe, kati ya dola 25 na 45, na akionekana safi alirudishiwa. Aliyekutwa na madawa alikosa posho mwaka mzima. Angeweza kuomba tena baada ya miezi sita kama angemaliza matibabu, lakini matibabu hayo serikali haikuyalipia. Tukumbuke kuwa posho yenyewe kwa familia ya watu watatu haikuzidi dola 303 kwa mwezi.

Hoja za wanaounga mkono

Uadilifu unatutaka tusikilize upande wa pili. Wao wanasema: fedha hizi ni kodi ya wananchi wanaotoka jasho, iweje ziishie kwa muuza unga? Wanasema pia kuwa wafanyakazi wengi hupimwa kabla ya kuajiriwa, kwa nini asipimwe anayepewa bure? Na wanasema kuwa mtoto wa mlevi haoni faida ya posho, maana baba huivuta yote.

Hoja hizi si za kupuuzwa. Ulevi ni haramu na ni balaa, na mwandishi wa makala haya hamtetei mlevi. Mali ya umma ni amana. Lakini hoja hupimwa kwa matokeo yake.

Kipimo kilionesha nini?

Sheria ile ilidumu takriban miezi minne. Katika muda huo waombaji 4,086 walipangiwa kupimwa. Waliokutwa na madawa walikuwa 108, yaani asilimia 2.6, na wengi wao ilikuwa bangi. Wapatao 40 waliahirisha wasipimwe. Waliobaki, 3,938, walikuwa safi, na serikali ikawarudishia dola 118,140.

Kwa hesabu za jimbo lenyewe, fedha zilizookolewa kwa kuwanyima wale 108 hazikufikia zile zilizorudishwa. Pengo lilikuwa dola 45,780, bila kuhesabu mawakili. Yaani sheria iliyotungwa ili kulinda hazina iliitoboa hazina.

Atasema mtu: huenda watumiaji waliogopa, hawakuomba kabisa. Taarifa ya ndani ya jimbo ilionesha kuwa katika miezi ya mwanzo idadi ya wanaopokea posho haikupungua kwa sababu ya vipimo.

Tena kipimo chenyewe kina upofu wake. Bangi huweza kubaki mwilini kwa wiki kadhaa kwa mvutaji wa kila siku, ilhali dalili za kokeini hutoweka kwenye mkojo baada ya siku chache, na pombe haraka zaidi. Kwa hiyo aliyevuta bangi wiki mbili zilizopita anaweza kunaswa, na mlevi wa pombe aliyeuza hata sufuria ya nyumbani akapita salama. Mkojo haukwambii nani analea watoto wake na nani amewatelekeza.

Mahakama ilisemaje?

Baba mmoja aliyekuwa akilea mtoto peke yake alikataa kupimwa, akafungua kesi. Oktoba 2011 Jaji Mary Scriven akaisimamisha sheria, na Desemba 31, 2013 akaifuta. Jimbo likakata rufaa, likashindwa tena Desemba 2014.

Msingi wa hukumu ulikuwa Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yanayomkinga raia asipekuliwe bila sababu. Kumchukua mtu mkojo na kuuchunguza ni kumpekua. Jimbo lilishindwa kuthibitisha kuwa maskini wanaoomba posho wana tatizo la madawa kuliko watu wengine. Umaskini peke yake si ushahidi wa kosa.

Hapa pana jambo la kutia akili. Jimbo la jirani la Georgia liliwahi kutunga sheria kwamba wanaogombea vyeo vya juu vya jimbo wapimwe madawa. Wagombea wakaenda mahakamani, na mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Marekani ikawaunga mkono kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Wanasiasa, ambao nao hulipwa kwa kodi, wakasalimika na kichupa. Miaka kumi na nne baadaye mwanasiasa akakipeleka kichupa kile kile kwa mama asiye na kazi. Mnyonge hana wa kumsemea!

Sisi tunajifunza nini?

Kwanza, dhana mbaya haijengi hukumu. Katika Surat al-Hujurat aya ya 12 tumekatazwa dhana nyingi na tumekatazwa kupelelezana. Kuomba msaada hakumvui mtu heshima yake.

Pili, tofautisha kunyima na kusimamia. Surat an-Nisaa aya ya 5 inatuzuia kuwakabidhi mali wasioweza kuitunza, lakini papo hapo inaamrisha walishwe, wavishwe na wasemeshwe kwa wema. Tazama uzito wa mafunzo haya. Ukijua kwa hakika kuwa baba ni mlevi, fedha usimpe mkononi. Mpe mkewe au bibi wa watoto, lipa ada shuleni, peleka mchele na mafuta nyumbani. Mlango wa fedha unafungwa, mlango wa chakula unabaki wazi. Sheria ya Florida nayo iliruhusu mtu mwingine apokee kwa niaba ya watoto, ila naye apimwe kwanza. Ni jirani gani atakubali?

Tatu, kipimo kiwe mlango wa tiba. Jimbo la Utah, kuanzia mwaka 2012, lilichagua njia nyepesi kidogo: mwombaji anajibu maswali kwanza, anayeonesha dalili ndiye anayepimwa, na anayekutwa na madawa anaelekezwa kwenye matibabu huku akiendelea kupata posho akiyakubali. Mwaka wa kwanza walionaswa walikuwa 12 tu, na zaidi ya dola 30,000 zilitumika. Hata hivyo, mraibu angalau hakufukuzwa njaa ikiwa bado tumboni.

Nne, tusiogope mno kukosea katika kutoa. Katika Sahihi Bukhari kuna kisa cha mtu aliyetoa sadaka usiku mara tatu. Ikamwangukia mwizi, kisha mzinifu, kisha tajiri. Watu wakamsema. Lakini akabashiriwa kuwa huenda sadaka ile ikamwacha mwizi aache wizi na mzinifu aache uzinifu.

Ndugu zangu katika kamati za zaka misikitini, huwa tunasikia maneno: "Yule msimpe, mwanawe anakula unga." Kabla ya kulifuta jina, jiulize nyumba ile ina watoto wangapi, na leo usiku watakula nini. Kijana yule anayekula unga siku moja atakuja mwenyewe kutafuta sahani ya wali. Akija, hapo ndipo pa kumshika mkono na kumpeleka hospitali. Ukimfungia mlango, utampata wapi tena?

Allah ndiye Mjuzi zaidi.