Dondoo muhimu: Kusoma Vita Baridi bila kukariri kama kasuku

Usianze na tarehe. Anza na swali: nani alimwogopa nani, na kwa nini?

Chukua tukio moja ulichambue hadi mwisho. Mgogoro wa makombora ya Cuba, Oktoba 1962, unafaa sana. Tarehe 14 ndege ya kijasusi ya Marekani, U-2, ilipiga picha za makombora ya Kisovieti kisiwani. Tarehe 22 Rais Kennedy wa Marekani akatangaza kizuizi cha baharini. Tarehe 28 kiongozi wa Kisovieti, Khrushchev, akakubali kuyaondoa. Wanafunzi wengi huishia hapo na kuandika kwamba Marekani ilishinda. Endelea mbele: Marekani nayo iliahidi kutoivamia Cuba, na kwa siri ikakubali kuondoa makombora yake ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki. Yaliondolewa 1963. Jibu linaloitaja Uturuki humwonyesha msahihishaji kwamba umesoma, hukubahatisha.

Daftarini chora safu mbili, Washington na Moscow, ujaze kila moja kwa hofu na hesabu za wenyewe.

NATO 1949, Mkataba wa Warsaw 1955: tarehe hizo za miungano ya kijeshi kariri tu, hakuna ujanja.

Wala usibaki Ulaya. Soma Kongo ya 1960 na 1961, pamoja na mauaji ya waziri mkuu wake wa kwanza, Lumumba, kisha Angola ya 1975, ambako wanajeshi wa Cuba walipigana ardhini.

Swali likisema "jadili", toa msimamo wako mapema na uutetee. Orodha ya matukio, hata ikiwa ndefu na sahihi, si jibu.