MAJI YA KORONA YANAWEZA KURUDI KAZINI

Ukipanda basi hapa Chumbageni kwenda Muheza na Korogwe, utapita mashamba ya mkonge. Ukikaribia korona, harufu itakuambia kabla hujaiona. Korona ninayoisema ni mashine ya kuponda na kukwangua majani ya mkonge, si ule ugonjwa wa mwaka 2020.

Je, harufu ile inatoka wapi? Katika kila kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni makapi na utomvu. Jani linapopondwa, maji humwagwa juu yake ili yaoshe singa na kusukuma makapi nje. Na maji hayo si mchezo. Kupata tani 1 ya singa huweza kutumika lita 100,000. Ndiyo kusema madebe 5,000!

Maji hayo hutoka na sukari na tindikali ya mkonge. Yakiingia mtoni, vijidudu visivyoonekana kwa macho hula ile sukari, na katika kuila humaliza hewa iliyomo majini. Samaki hukosa pumzi, hufa. Hasara huwapata wanaokaa mto unakoteremkia, wala si wao waliouza singa.

Sasa, njia ipo. Tazama mtu anayefua nguo. Maji ya kusuuzia mara ya mwisho ni karibu safi, basi hayamwagi, huyalowekea nguo nyingine chafu. Viwanda vya kemikali navyo huweza kufuata njia hiyo hiyo: maji safi huanza kwenye kusuuza kwa mwisho, kisha hurudishwa nyuma kuosha penye uchafu zaidi. Kwenye korona, maji yaliyotumika huchujwa kwa wavu, hutuamishwa bwawani, halafu pampu huyarudisha kwenye kuosha kwa kwanza. Kusuuza kwa mwisho lazima kubaki kwa maji safi, maana singa yenye utomvu hubadilika rangi na bei yake hushuka.

Lakini hayawezi kuzunguka siku zote. Kila mzunguko uchachu huongezeka, hata yakala chuma cha mashine. Kwa hiyo sehemu hutolewa, yakaongezwa mapya. Yanayotolewa nayo yana kazi. Huko Hale, wilaya ya Korogwe, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa gesi katika miaka ya 2000. Mabaki ya mkonge yalitiwa ndani ya tangi lisiloingiza hewa, yakaoza, yakatoa gesi, na gesi ikaendesha injini ya umeme. Kumbe vijidudu vikilishwa ndani ya tangi huleta faida!

Mwenye shamba anaweza kusema maji ya mto ni bure, pampu ya nini? Mimi naona bure hiyo inalipwa na mvuvi.

Hesabu ya darasani: Korona imetoa tani 3 za singa. Kila tani ilihitaji madebe 5,000 ya maji. Kama nusu ya maji hayo ni yaliyorudishwa kazini, ni madebe mangapi hayakuchotwa mtoni?