Siri Baina ya Msomaji na Mhusika: Kwa Nini Twawapenda Kina Kongowea na Rosa

Miongoni mwa maswali yanayozusha kelele nyingi katika vikao vya wanafunzi wa Kiswahili ni hili: ni mhusika yupi wa riwaya umpendaye kupita wote? Majina yanayotajwa huwa ni yale yale. Kongowea Mswahili hakosi. Bwana Msa ana wafuasi wake waaminifu. Rosa Mistika naye hutajwa, ingawa kwa sauti ya chini kidogo, kana kwamba mtajaji anachelea kuhukumiwa pamoja naye. Lakini muulize mpenzi wa Kongowea sababu ya mapenzi yake, naye aghalabu atakimbilia orodha aliyoikariri shuleni: ni mvumilivu, ni mwenye bidii, ana utu. Makala haya yanashikilia kwamba orodha ya sifa haiwezi kueleza mapenzi hayo. Wapo watu wavumilivu na wenye bidii tele vitabuni, na tumekwisha kuwasahau.

Nilianza kulishuku jambo hili nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi la kueleza mhusika wampendaye. Msichana mmoja, mkimya wa dawati la nyuma, aliandika sentensi moja tu kuhusu Rosa: kwamba anampenda kwa sababu yeye anajua Rosa alivyopigwa na baba yake, na wale wanaomcheka hawajui. Hakutaja sifa hata moja. Nami, nikiwa na mwongozo wangu wa kusahihisha mkononi, nilimpa alama 2 kati ya 10.

Tuitazame riwaya yenyewe. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Rosa anazaliwa kisiwani Ukerewe katika nyumba ya Zakaria, baba mlevi, na Regina, mama anayebeba mzigo wote wa nyumba. Zakaria anagundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na mvulana, anampiga kipigo cha kikatili. Tangu hapo Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume, si kuwaelewa. Anapofika shule ya sekondari Mwanza, mbali na fimbo ya baba, uhuru unamkuta hana silaha yoyote. Hatua kwa hatua anaanguka, na sifa yake inaanguka pamoja naye. Mchumba wake Charles, anapogundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Kwa kipimo cha orodha ya sifa, Rosa angeshindwa vibaya. Mwanafunzi mwenye mwongozo ataandika kwamba ni mzinzi, ni mwoga, ni mwepesi wa kukata tamaa, na hakuna atakayemkosoa. Hata hivyo tunalia. Tunalia kwa kuwa msimulizi alituingiza ndani ya nyumba ya Zakaria siku ile ya barua, wakati Charles hakuwamo. Charles anayemwacha anaiona hali yake ya leo tu. Sisi tuna jana yake. Pengo hilo baina ya hukumu inayotolewa na walimwengu wa riwaya na ukweli tuliokabidhiwa sisi peke yetu ndilo linalozaa mapenzi. Msomaji anajikuta shahidi pekee katika kesi ambayo haruhusiwi kusema neno.

Nadharia za uhusika hutusaidia hapa, ingawa kwa kiasi. Katika Uhakiki wa Fasihi (2002), Kyallo Wadi Wamitila amewazoesha wanafunzi wetu mgawanyo wa wahusika bapa na wahusika duara, unaotokana na mhakiki Mwingereza E. M. Forster (1927). Mhusika duara hubadilika na kutushangaza. Bapa huwa na sifa moja au mbili tu zisizogeuka. Ni rahisi kudhani kwamba mapenzi ya msomaji huwaendea wahusika duara pekee. Dhana hii inavunjika mara tu tunapokutana na Bwana Msa.

Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, aliingia katika fasihi yetu kwa Mzimu wa Watu wa Kale (1960) akaendelea kurudi, kitabu baada ya kitabu, hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Ana kiko chake, ana utulivu wake, ana maswali yanayoonekana ya kipuuzi hadi pale yanapofichua kila kitu. Undugu wake na Sherlock Holmes wa Conan Doyle haujifichi, ila mazingira, mzaha na lugha ni vya Unguja tupu. Ni bapa kama sahani, na tunampenda! Sababu, kwa maoni yangu, ni Najum. Rafiki huyu hukaa karibu na Bwana Msa, huuliza na hukosea kwa niaba yetu. Hapa lile pengo limegeuzwa: badala ya sisi kujua asichokijua mhusika, yeye ndiye anajua tusichokijua, na Najum hutufariji kwamba hatuko peke yetu katika ujinga. Bwana Msa akiondolewa Najum atabaki bingwa wa kuogofya kidogo, mtu wa kustahiwa kwa mbali.

Kumstahi mhusika ni jambo tofauti na kumpenda. Karama wa Kusadikika (1951) ni kielelezo kizuri. Shaaban Robert anamsimamisha mbele ya baraza la wakubwa, ameshtakiwa na Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu wakarudi na kuadhibiwa. Karama ni jasiri na ni mwadilifu. Nikiri kwamba sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyemlilia. Hana siri nasi. Kila alichonacho moyoni anakitamka mbele ya baraza zima, nasi tumeketi humo pamoja na wengine, tukisikia wanachosikia wao. Silitaji hili kama dosari ya Shaaban Robert, kwani lengo lake lilikuwa kutufikirisha kuhusu haki, na hilo alilifikia.

Nimemweka Kongowea mwisho kwa makusudi, maana yeye ndiye anayetatiza zaidi. Siku Njema ya Ken Walibora ilichapishwa mwaka 1996. Kongowea anasimulia maisha yake mwenyewe kwa nafsi ya kwanza: utoto wa Tanga, mama yake Zainab Makame, mwimbaji wa taarabu, anayefariki na kumwacha, dharau anazotupiwa mtoto asiyejulikana baba yake, kisha safari ndefu ya kuvuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba huyo, safari inayomfikisha Kitale. Nafsi ya kwanza ni mlango ulio wazi. Walimwengu wanaomwita mwanaharamu wanasikia jina hilo tu. Sisi tunasikia jinsi linavyotua moyoni mwake, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye anayetunong'oneza. Tukiwa na mhusika kwa kurasa zote hizo, tukiona kwa macho yake, ni vigumu mno kusimama upande wa wanaomdharau.

Jina lake nalo lina kazi. Kongowea ni jina la kale la Mombasa, na hadi leo ni jina la mtaa na soko mashuhuri huko. Mtoto wa mama wa Tanga na baba wa Kenya anayepewa jina la Kongowea Mswahili ni zaidi ya mtu mmoja; nathubutu kusema kwamba ni Kiswahili chenyewe, ambacho watu walikitilia shaka asili yake, wakakiita mwana wa huku na huku, nacho kikaendelea na safari. Labda ndiyo maana sisi tunaosomea lugha hii tunamwona kama ndugu. Kila mmoja wetu amewahi kuulizwa na jamaa zake kwa nini amekwenda chuo kikuu kusoma Kiswahili. Walibora alipofariki jijini Nairobi mwezi Aprili 2020, nilijikuta nikimwomboleza mwandishi na mhusika wake kwa pamoja, wala sikuweza kuwatenganisha.

Upo ubishi unaostahili kujibiwa. Maimuna wa Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed, naye tunaijua jana yake: binti aliyefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, akatoroka na kuzama katika ulevi na ukahaba. Mbona wapo wasomaji wanaosema alijitakia? Nadhani kumjua mhusika huwapa wasomaji nafasi ya kumpenda, bali hakuwalazimishi. Wengine huufunga mlango waliofunguliwa, hasa pale kinachoonekana ndani kinapofanana mno na nyumba wanazozifahamu.

Kwa mwenzangu anayejiandaa kwenda mazoezini, nina pendekezo moja. Kabla ya kuwauliza wanafunzi wataje sifa za mhusika, waulize: ni jambo gani unalolijua kumhusu ambalo wahusika wenzake hawalijui, na mwandishi alikujulisha kwa njia gani? Sehemu ya pili ya swali itawapeleka moja kwa moja kwenye usimulizi, mtazamo, barua, ndoto na uzungumzi-nafsia, yaani mbinu zile zile tunazohangaika kuwafundisha kwa kuwakaririsha.

Yule msichana wa dawati la nyuma alikuwa amekwisha kulijibu swali hilo kabla mimi sijalitunga. Sikumwuliza kamwe ni kwa nini, kati ya yote yaliyomo katika kitabu kile, alichagua kipigo. Muhula ulikwisha, nikarudi chuoni, na daftari likabaki kwake likiwa na zile alama 2 kwa wino mwekundu.