SOMO LA AFYA: MBU, NG'OMBE NA MFANYAKAZI



Mwaka 2022 Homa ya Bonde la Ufa iliua ng'ombe wengi Burundi. Serikali ikasimamisha masoko ya ng'ombe na uchinjaji. Je, ugonjwa huu hutufikiaje?

Kwanza, mbu. Mayai ya mbu fulani hubeba virusi katika udongo mkavu. Mvua kubwa ikituamisha maji, huanguliwa.

Pili, mnyama. Mbu huuma ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mimba huharibika, ndama hufa. Mbu wengine hunyonya damu hiyo na kuueneza ugonjwa zizi hadi zizi.

Tatu, mtu. Wengi huambukizwa kwa kushika damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Wengine kwa kuumwa na mbu. Haujaonekana kutoka mtu kwa mtu, basi tusimtenge mwenzetu anayeugua.

Ndugu wa Makebuko, nyama ya mzoga ikiuzwa rahisi, kataa. Usichinje mnyama mgonjwa. Chemsha maziwa. Tumia chandarua.

Kupoteza ng'ombe ni kupoteza akiba ya miaka. Lakini mwite daktari wa mifugo mapema: anayeficha ng'ombe mmoja mgonjwa anahatarisha kilima kizima.