Dondoo muhimu: Mnaouguza wagonjwa wa kiharusi, kutaneni

Hapa Nyalikungu, wilayani Maswa, mgonjwa wa kiharusi mara nyingi huachiwa mtu mmoja, mke au binti. Kutaneni watano, sita, mumwite muuguzi wa zahanati.

Mwombeni awaonyeshe kwa vitendo. Hotuba mmezisikia za kutosha. Mmoja wenu alale mkekani, wengine wamgeuze ubavu hadi ubavu, mto katikati ya magoti. Nyumbani fanyeni hivyo kila baada ya saa 2, mkikagua makalio na visigino: ngozi ikiwa nyekundu au nyeusi, kidonda kinakuja. Msimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza, bega huteguka.

Akila, akae wima, na abaki hivyo nusu saa. Anayepaliwa kila akinywa maji asilazimishwe, mwambieni daktari.

Dawa za presha haziachwi kwa kuwa “leo ana nafuu”.

Pangeni zamu kabla pamba haijaanza kuvunwa, wanaume wakiwemo. Anayeuguza naye alale, apimwe presha.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hospitali saa hiyo hiyo. Mganga wa kienyeji atasubiri.